Mama, Kuna Mgeni

Kituo kilikuwa na tamthilia tano zake chenyewe, na ukutani pale mapokezi kilibandika herufi kubwa za bati: ZETU, ASILI, TOFAUTI. Zetu, sawa, nani angeziiba? Asili, tuache ipite. Lakini hilo neno la tatu lilihitaji mtu mwenye uso mkavu kulipigilia ukutani mchana kweupe, na mtu huyo alikuwepo, tutamfikia.

Jumatatu ilikuwa zamu ya Machozi ya Tajiri. Jumanne, Tajiri na Machozi. Jumatano, Siri ya Jumba, na Alhamisi, msicheke, Jumba la Siri. Ijumaa walifunga wiki na Kofi la Mwisho, ambayo ilikuwa na mwaka wa tatu hewani na hilo kofi la mwisho halijaonekana. Makofi mengine yote yalikwisha kupigwa. Humo mwote jumba ni moja, jeupe, lenye ngazi ya kupinda. Juu ya ngazi yupo mama mkwe mwenye lulu shingoni. Chini ya ngazi yupo binti mrembo, maskini, asiyejua kwamba mwenye jumba ndiye baba yake. Mama mkwe anashuka, kofi linalia, binti analia, muziki unalia. Wiki inayofuata mama mkwe anapanda tena ili apate pa kushukia. Hakuna anayefanya kazi humo. Mzee hayupo ila awe tajiri, mnene hayupo ila achekwe, mweusi tii hayupo ila abebe trei. Kilema ndiyo kabisa, hata wa kusingizia hayupo. Ungedhani dunia nzima imezaliwa kwenye ngazi na itafia kwenye ngazi.

Aliyekuwa akizikata na kuziunga zote tano ni mwanamke mmoja wa chumba cha kuhariri, ambaye kituo kizima kilimwita Mkasi. Mwaka wake wa tisa huo. Chumba hakina dirisha, kina kompyuta mbili, feni moja na kiti kilichobonyea umbo lake. Makofi alikuwa ameyakata mengi mno. Siku hizi hata mlango ukibamizwa nyumbani kwake, mkono unamcheza kutafuta kitufe.

Na kazini hapo aliletwa na shangazi yake. Huyu shangazi, dada mkubwa wa baba yake, ndiye aliyemlea Mkasi tangu ana miaka sita, akimlisha kwa kazi ya kufua mashuka ya hospitali, miaka ishirini bila kukosa siku. Alipostaafu akasema sasa nataka kufanya ninachokipenda, akaenda kituoni kujaribiwa uigizaji. Mama mkubwa wa mwili, mweusi, sauti yake ikianzia jikoni unaisikia barabarani. Wakamtazama juu mpaka chini, wakampa geti.

Geti lenyewe ni la lile jumba jeupe. Kazi yake ni kulifungua, mgeni apite, kisha asimame kizingitini na kuita ndani: "Mama, kuna mgeni." Maneno matatu. Miaka kumi na mmoja. Aliyasema kwenye tamthilia zilizokufa kabla ya hizi tano, na kwenye hizi tano akayasema kwa nguo ile ile, maana mtunza nguo alishachoka kumbadilisha.

"Mwanangu," alizoea kumwambia Mkasi, "siku nikifa msilie. Mmoja wenu asimame mlangoni tu aseme, Mama, kuna mgeni. Huko juu watanifahamu."

Anacheka, lakini Mkasi aliyaona macho yake. Huyu mama alikuwa na jambo lake moja duniani: aigize mtu, mtu mzima mwenye jina na shida zake, watu wamtazame mpaka mwisho. Mara moja tu. Hakutaka ngazi wala lulu.

Basi mwaka ule akakaa chini akaiandika hadithi mwenyewe, kwa mkono, kwenye daftari la mraba. Wakaipiga picha Jumapili sita mfululizo katika chumba cha kufulia cha hospitali ile ile alikostaafu, yeye, wafuaji wenzake wa zamani, na mpiga picha mmoja wa kituo aliyekuwa amechoka na ngazi kuliko wote. Mkasi akaikata. Iliitwa Meno.

Hadithi yenyewe ni hii. Mfuaji anakuta meno ya bandia kwenye mfuko wa nguo ya mgonjwa, katikati ya rundo la nguo za wodi nne. Yangepita kwenye mashine yangekuwa unga. Anayaosha, anayafunga kwenye leso, halafu anaanza kuzunguka wodi kwa wodi akiwaambia watu, "Samahani, hebu fungua mdomo." Kuna mzee mmoja hajasema neno siku tatu. Madaktari wanaandika kwamba ubongo umeguswa, mwanawe analia, na mzee mwenyewe amefumba mdomo kwa haya, hataki mtu amwone kibogoyo. Mfuaji ndiye anayegundua. Anampa meno chini ya shuka, kwa siri, kama anampa sigara. Mzee anayavaa, anayatengeneza kwa ulimi, anamtazama mwanawe, na neno lake la kwanza ni: "Nani kapika huu uji?"

Mkasi aliiunga huku machozi yanamtoka, na alipofika kwenye uji akacheka hadi feni akaizima ili asikie vizuri.

Sasa tumfikie yule mwenye uso mkavu. Mkurugenzi wa vipindi walimwita Bwana Ladha, kwa sababu ukimwambia tamthilia zako zimefanana, anafumba macho kama anaonja mchuzi na kusema, "Hapana, hapana. Kila moja ina ladha yake." Alipelekewa Meno. Aliitazama dakika mbili, simu mkononi.

"Ngazi iko wapi?" akauliza.

"Ni chumba cha kufulia, bosi," Mkasi akajibu. "Hakina ngazi."

"Mrembo?"

"Hakuna mrembo. Kuna mfuaji."

"Huyu si yule mama wa geti?" Bwana Ladha akaisogelea skrini, akatabasamu kwa huruma. "Mwanadada, usinielewe vibaya. Mama yetu huyu tunampenda. Lakini sura yake ni ya geti. Watazamaji wangu ninawajua kama kiganja changu. Ukiwaondolea kilicho chao, simu zitatuvunjia mapokezi."

Kumbe mtu anaweza kuwa na kiganja na asikitazame. Mkasi akatoka na flashi yake. Kumweleza huyu ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa, tena mbuzi mwenyewe ndiye mkurugenzi wa muziki.

Ndipo likatokea la Jumanne.

Chumba cha kuhariri kina desturi yake ya zamani. Vipande vya picha havihifadhiwi kwa majina ya tamthilia. Vinahifadhiwa kwa kilichomo: Geti. Ngazi. Kofi. Kilio. Anayetaka kukata anajua pa kuchota. Siku hiyo Mkasi alikuwa anaandaa Tajiri na Machozi. Akaweka wimbo wa kufungulia na jina, akachota Geti, akachota Ngazi, akachota Kofi, akaunga, akaikagua mara mbili kama ilivyo sheria, akaipeleka chumba cha kurushia. Ikaruka saa moja na nusu jioni, nchi nzima ikaitazama.

Saa mbili na dakika tano simu yake ikalia. Shangazi.

"Mwanangu, hivi leo mmerusha nini?"

"Tajiri na Machozi. Si Jumanne leo?"

"Mmerusha ya jana."

"Haiwezekani, Shangazi. Nimeikagua mwenyewe."

"Mgeni niliyemfungulia jana ndiye niliyemfungulia leo. Jana nilikuwa na plasta kidoleni, nilijikata na kopo. Leo plasta hiyo hiyo, kidole hicho hicho. Mama mkwe sikumwangalia, wale siwatofautishi. Lakini kidole changu nakijua!"

Mkasi akarudi kituoni mbio. Kweli bwana. Kichwa cha Jumanne, kiwiliwili cha Jumatatu. Kwa kuwa humo ndani watu huitana Mama, Binti na Wewe tu, hata majina hayakumfichua. Mama mkwe wa Jumatatu na wa Jumanne ni mtu na mdogo wake, tumbo moja, na lulu wanaazimana. Akakaa akisubiri simu za watazamaji, simu ya bosi, barua ya kumfukuza kazi.

Hakuna aliyepiga. Kesho yake hakuna. Mpokea simu alifuma vitambaa vyake viwili asubuhi hiyo bila kusumbuliwa.

Alhamisi kukawa na kikao. Bwana Ladha alikaa kichwani mwa meza akiwa na furaha zake. "Nataka kuwapongeza wa Jumanne," akasema. "Ile ya juzi niliitazama na mke wangu. Yule mama mkwe aliposhuka, mke wangu akaniambia, huyu wa Jumanne ni mtu mwingine kabisa, wa Jumatatu si chochote kwake. Mnaona? Kila moja ina ladha yake."

Mkasi alikuwa amejiapiza kunyamaza. Lakini kuna maneno yakikufika kooni, ukiyameza yanakusakama.

"Bosi, ile ya Jumanne ndiyo ya Jumatatu."

"Kivipi?"

"Nilikosea. Nikarusha ile ile mara mbili, siku mbili mfululizo. Nchi nzima haikuona. Mimi mwenyewe sikuona, bosi, na ndimi ninayeikata. Umeonja mchuzi mmoja mara mbili ukasema wa pili umekolea. Sasa tukubali kwamba tumechoka, tuwape watu kitu kingine. Tuna Meno, iko tayari."

Mtu wa sauti akainamia kalamu yake. Bwana Ladha alimtazama Mkasi muda mrefu, na Mkasi, masikini, akadhani amemwona mtu anafikiri. Kweli alikuwa anafikiri.

"Kumbe!" akasema taratibu, uso ukianza kung'aa. "Kumbe hawaoni! Miaka yote hii tunahangaika kupiga picha mara tano. Kwa nini? Kuanzia sasa ngazi tunaipiga mara moja, tunaitumia zote. Kofi, mara moja. Na lile geti, jamani, geti ni geti. Tunalo limehifadhiwa, si ndiyo, Mkasi? Basi yule mama mwambie apumzike. Mshukuruni sana."

Kikao kikapiga makofi.

Kwenda kwa shangazi yake jioni ile, Mkasi alitembea kama anapeleka habari za msiba, na msiba wenyewe kauleta yeye. Alimkuta anapiga pasi. Akamweleza yote, bila kujitetea.

Shangazi akaiweka pasi wima. "Kwa hiyo nimefukuzwa na kidole changu mwenyewe," akasema, akacheka kidogo. Kisha kicheko kikamkatikia. Akakaa. "Miaka kumi na mmoja, mwanangu. Wageni wote wamepita. Mimi ndani sijawahi kuingia. Unajua hata hiyo ngazi yao sijui ina vipandio vingapi?"

"Nisamehe, Shangazi."

"Wewe umekosa nini? Umesema kweli mbele ya mtu asiye na masikio." Akachomoa waya wa pasi, akauzungusha mkononi polepole. "Inaniuma. Nisikudanganye. Nilitaka wanitazame mara moja tu."

Mkasi hakulala vizuri, lakini asubuhi alipoamka alikuwa na hasira iliyotulia, ile inayojua inakwenda wapi. Alisubiri mpaka Jumanne. Hawaoni, si ndivyo? Wameambiwa kikaoni, imeandikwa, watu wamepiga makofi. Basi na tuone. Akachukua wimbo wa Tajiri na Machozi, akaweka jina kubwa la dhahabu kama kawaida, na nyuma yake hakuchota Geti wala Ngazi wala Kofi. Akachomeka Meno, mwanzo mpaka mwisho. Liwalo na liwe. Akaipeleka chumba cha kurushia, kisha akashuka mapokezi akakaa kwenye kiti cha wageni, chini ya zile herufi za bati.

Saa moja na nusu wimbo ukalia. Jina likatokea. Halafu mvuke, mashine za kufulia zinanguruma, na katikati ya mvuke Shangazi, mikono mpaka kwenye viwiko ndani ya mashuka, anaimba kwa sauti mbaya.

Dakika tatu, simu haijalia. Mpokea simu alikuwa ameacha kufuma, sindano ziko hewani. "Huyu si mama wa geti?" akanong'ona.

Simu ikalia. Akaipokea, akasikiliza, akaiziba kwa kiganja. "Mtu amekasirika. Anauliza ngazi iko wapi."

"Mwambie imeharibika."

Akamwambia. Akasikiliza tena. "Anasema basi sawa, lakini je, hayo meno ni ya yule mzee wa kitanda cha mwisho? Anataka kujua sasa hivi, mkewe anabisha."

Baada ya hapo simu haikupumua. Mwanamke mmoja alisema yeye ni mfuaji, mwaka wa kumi na nne, na hajawahi kuona mtu anakunja shuka kwenye televisheni kama linavyokunjwa. Mwingine alitaka kujua yule mama anaitwa nani. Mwanamume mmoja hakuuliza kitu, alisema tu baba yake alinyamaza hivyo hivyo mpaka akafa, akakata simu. Neno la uji lilipofika, Mkasi alisikia kicheko kikipasuka kwenye nyumba ya ng'ambo ya barabara, kisha kwa jirani wa nyumba ile. Mpokea simu alikuwa analia na kucheka, huku anaandika majina kwenye kitambaa chake kwa kukosa karatasi.

Asubuhi wakaitwa wote wawili, Mkasi na Shangazi. Shangazi alivaa gauni lake la kutokea. Akapita kwenye kile kijimlango cha pembeni wanachopita watu wa miguu, maana geti kubwa la kituo hufunguliwa kwa magari tu, akapanda ofisini, akaketi mikono mapajani kama msichana anayesubiri matokeo.

Bwana Ladha alikuwa na barua mbili mezani, na kando yake ile flashi ya Meno iliyotolewa chumba cha kurushia. Ya kwanza ya onyo, ya Mkasi, aliisukuma bila kuitazama. Ya pili, ya kazi ya Shangazi, aliishika kwa vidole viwili.

"Simu mia nne," akasema. "Sijawahi. Mama, umetufungua macho! Kumbe watu wanataka wafuaji. Basi tutawapa wafuaji. Jumatatu mpaka Ijumaa, tano, za kufua zote. Mashine, mvuke, mashuka."

Shangazi akavuta pumzi. Mkasi akamshika mkono chini ya meza.

"Bila shaka tutaboresha," Bwana Ladha akaendelea, macho ameyafumba, anaonja. "Mfuaji awe binti, mrembo, mwembamba kidogo. Hajui kwamba mwenye hospitali ndiye baba yake. Hospitali iwe na ngazi. Mke wa mwenye hospitali anashuka... mnaiona? Kila moja na ladha yake."

"Na mimi?" Shangazi akauliza.

"Wewe, mama? Wewe hatukuachi!" Akafumbua macho, akafungua mikono kama mtu anayegawa urithi. "Hospitali si lazima iwe na geti?"

Mkasi alihisi mkono wa shangazi yake ukikaza, kisha ukaachia. Yule mama akasimama, akalinyoosha gauni. Alimtazama yule bwana pasipo hasira yoyote, kama alivyowatazama wagonjwa wa wodi nne kabla ya kuwaambia wafungue mdomo.

"Geti nimelifungua miaka kumi na mmoja, mwanangu," akasema, kwa ile sauti yake ya kutoka jikoni hadi barabarani. "Sasa fungua mwenyewe."

Akatoka. Bwana Ladha akageuka kwa Mkasi. "Atarudi. Wewe kesho saa mbili tuanze." Mkasi akaiacha barua ya onyo pale ilipo, akachukua flashi yenye Meno kwenye meza ya bosi, akaitia mfukoni na kumfuata shangazi yake.

Akamkuta uani anaelekea kwenye kijimlango, anatembea haraka, kichwa kimeinama, maana kusema neno kubwa ni kitu kimoja na kwenda nalo nyumbani ni kingine. Mlinzi wa kituo, mtu wa makamo ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumpa zaidi ya habari za asubuhi, akatoka kibandani. Hakumwelekeza kwenye kijimlango. Alikwenda kwenye geti kubwa, akachomoa komeo, akasukuma ubao mmoja, kisha wa pili, mpaka likawa wazi lote, na gari halikuwepo.

"Pita, mama," akasema. Kisha, kwa haya, akauliza, "Eti yule mzee. Alipotoka hospitali, alirudi kwa yule mwanawe, au?"

Shangazi akasimama katikati ya geti. Akafikiri. Hilo hakuwahi kuliandika.

"Kaa nikwambie," akasema.